Huyu Kijana ni wa Kwetu au wa Kwao?

Kijana alipanda ngazi ya fundi akiwa na futi ya kukunja na tochi ya simu, akajipenyeza kati ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, akakaa huko juu muda mrefu. Aliposhuka alikuwa ameshika msumari mmoja wa bati. Kutu ilikuwa imeula shingoni. Aliulaza juu ya karatasi nyeupe, akaweka rula pembeni, akaupiga picha kadhaa, kisha akautia kwenye bahasha ndogo na kuandika tarehe.

Mama alikuwa barazani, kwenye mkeka, anamtazama. Hakumwuliza kitu. Alimletea maji, kijana akanywa, akashukuru kwa adabu, "Ahsante sana, mama, Mungu akubariki," akanipa karatasi ya kusaini kwamba alifika, na gari likamchukua kurudi Mtwara mjini. Lilipokata kona ndipo Mama akasema:

"Huyu kijana ni wa kwetu au wa kwao?"

Nilimjibu kwamba ni wa katikati. Kampuni ya bima inamtuma mtu asiye mfanyakazi wake aje kuangalia hasara, aandike alichokiona, kisha wao walipe.

"Na anayemlipa nani?"

Kampuni, nikasema.

"Haya," akasema Mama, akaendelea kuchambua mchele.

Swali hilo nimekaa nalo wiki nyingi sasa. Nimelibeba kazini, nimelibeba kwenye foleni ya benki, nimelibeba kwenye daladala ya kutoka mjini kuja Mikindani. Nimeona niliandike, kwa kuwa najua si nyumba yetu peke yake iliyopita njia hii.

Paa lilivyoondoka

Hapa sitakaa sana. Anayeishi pwani ya Kusini anajua mwisho wa masika unavyokuwa. Kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth, kilichotulaza macho Mtwara mwaka 2019 kabla ya kuangukia Msumbiji, kilikuja Aprili. Jobo, mwaka 2021, Aprili tena. Hidaya, kilichokata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, kilikuja mwanzoni mwa Mei 2024.

Upepo uliotupiga sisi haukupewa jina. Ulikuwa upepo wa mvua wa usiku mmoja. Ulitoka upande wa ghuba, ukaingia chini ya ukingo wa bati upande wa sebule, ukang'oa bati pamoja na papi zake, yaani mbao nyembamba ambazo bati hupigiliwa, ukazitupa kwenye minazi ya jirani. Dari ya jipsamu ililowa mpaka alfajiri ikashuka yote. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma. Hakuguswa.

Nyumba ina bima kwa sababu ina mkopo. Wengi wetu ndivyo tunavyoijua bima ya nyumba: inakuja na mkopo, ada inakatwa pamoja na makato mengine, na hati inakaa benki. Asubuhi ile ile tulitoa taarifa, mwenyekiti wa mtaa akatuandikia barua, na baadaye tukaambiwa mtathmini, ndiye yule kijana, atatoka Dar es Salaam.

"Msiguse kitu"

Sauti ya simu kutoka kwenye kampuni ilikuwa ya upole. Msiguse kitu, dada, mpaka mtathmini afike, msije mkaharibu ushahidi.

Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Nataka msomaji akae na hali hiyo kidogo. Sebule haina paa. Makochi yamelowa, godoro limelowa, maji yanatiririka ukutani kuelekea kwenye nyaya za umeme. Fundi amesimama mlangoni anasema, "Dada, hizi mbao zilizobaki nazo zikiendelea kulowa zinakwenda." Na mtu aliye kilomita zaidi ya mia tano anasema subiri.

Nilikwenda benki kuomba nakala ya hati ya bima, yenye masharti yote, siyo ule ukurasa mmoja wa mbele. Waliitafuta, wakaipata. Nilisoma nikiwa nimesimama pale pale kaunta, na ndani yake nikakuta sharti linalomtaka mwenye bima achukue hatua zote za busara kuzuia hasara isiongezeke. Yaani hati yenyewe inasema funika, na sauti ya simu inasema usiguse.

Tulifunika. Kabla ya kufunika tulipiga picha kila kona: ukuta, dari, kenchi moja moja, bati zilipoangukia. Bati zilizokunjika hazikuuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, ingawa walikuja kuziulizia. Zilipangwa uani, juu yake matofali. Kila papi iliyodondoka iliwekwa pamoja na bati iliyodondoka nayo. Turubai lilinunuliwa na risiti ikatunzwa.

Mtathmini alipofika na kuona turubai, nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Badala yake alisema, "Mmefanya vizuri sana. Hiyo risiti ya turubai iambatanisheni, gharama za kuokoa mali zinaombwa." Halafu akauliza nani alituambia tusiguse. Nikamwambia. Akanyamaza, akaendelea kupima.

Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba aliyekuja kwetu na aliyetupigia simu hawakuwa kitu kimoja.

Upepo wa kiwanja cha ndege

Kampuni ilitaka uthibitisho kwamba usiku ule kweli kulikuwa na upepo mkali, na kwamba uthibitisho huo utoke Mamlaka ya Hali ya Hewa. Sioni ubaya. Bima ya moto na majanga yaliyoongezwa inalipa dhoruba, hailipi kila bati linalong'oka, na lazima pawe na kipimo.

Lakini kituo kinachopima kiko kiwanja cha ndege cha Mtwara, na nyumba iko Mikindani, kilomita kama kumi, upande wa pili wa ardhi na maji. Namba ya kule inasimulia upepo wa kule. Ndiyo maana barua ya mwenyekiti wa mtaa ilikuwa na thamani kuliko nilivyodhani nilipoiomba. Ndani yake aliandika nyumba nyingine zilizoezuliwa usiku ule, mnazi ulioangukia choo cha jirani, na nguzo iliyolala barabarani. Mtu wa mtaa ameandika upepo wa mtaa. Nikizungumza na mtu aliyepata msiba wa aina hii leo, naanzia hapo: barua ya mtaa isiwe ya mistari miwili ya "namtambua kuwa mkazi wangu". Ieleze kilichotokea, kwa nani na nani, saa ngapi.

Msumari

Barua ya kampuni ilipokuja, ilisema hasara imetokana na "upepo pamoja na uchakavu wa vifungio", na kwamba sehemu ya madai imepunguzwa kwa ajili ya uchakavu.

Nilijua ni ule msumari.

Nitasema kweli kuhusu mashaka yangu, maana yalinisumbua usiku. Bima hailipi uchakavu, na haipaswi kulipa. Bima ni ya jambo la ghafla. Kama bati langu limekwisha kwa miaka, jirani yangu mwenye kulipa ada yake hana deni la kuninunulia jipya. Na hapa pwani chumvi haimwachi mtu: inakula bati, inakula bawaba, inakula vyuma vya madirisha. Msumari ule ulikuwa na kutu kweli, niliuona. Zaidi ya hapo, nyumba ya jirani ni ya zamani kuliko yetu, na paa lake halikuondoka. Basi labda kampuni iko sahihi?

Nilimwita fundi, nikamwomba aniambie anachokiona bila kunifurahisha.

Alianza na nyumba ya jirani. Paa la jirani limeinama pande zote nne, upepo unapanda juu yake na kupita. La kwetu lina pande mbili, na ukuta wa pembetatu umeelekea ghuba moja kwa moja, kwa hiyo upepo unapiga ukuta na kutafuta pa kuingilia. Umri wa paa si hoja peke yake.

Kisha akanipeleka uani kwenye zile bati tulizopanga. Akanyanyua moja. Papi ilikuwa bado imeshikamana nayo, misumari ya bati ikiwa imekaa mahali pake.

"Angalia, dada. Msumari wa bati umeshika. Kilichoachia ni papi kwenye kenchi."

Akanyanyua nyingine. Hivyo hivyo. Kwenye chache tu bati lilichanika na kuacha msumari kwenye mbao, tundu limevutwa likawa refu, na hata hapo aliyeshindwa ni bati, siyo msumari. Yenye misumari iliyokatika kwa kutu tuliitafuta, tukaipata pembeni kabisa, kwenye ukingo, bati moja na kipande.

Nilikaa juu ya tofali. Maana yake ni rahisi ukiitazama: kama bati ziliruka zikiwa zimeshika papi zake, basi kutu ya msumari wa bati haielezi kwa nini paa liliondoka. Upepo uliinua sakafu nzima ya paa kutoka kwenye kenchi. Kanuni ya bima inauliza ni sababu ipi hasa iliyoleta hasara, iliyosukuma mengine yote. Kutu ilikuwepo siku zote, jua na mvua, na paa likakaa. Usiku ule kulikuja kitu kingine.

Na swali la Mama likarudi na ukali mpya. Kijana alikaa juu ya dari muda wote ule. Alizipita hizi bati uani akazipiga picha. Je, hakuona papi? Au aliona akachagua msumari?

Hatukuwa na namna ya kujua. Ripoti yake hatukupewa.

Faili liko wapi

Nirudi nyuma kidogo, kabla barua ile haijaja. Watu wanadhani kuchelewa kwa bima ni mlango uliofungwa. Ungekuwa umefungwa, mtu angejua pa kugonga. Kilichotupata ni milango mingi iliyo wazi, na kila anayekaa ndani anakuonyesha ule unaofuata. Benki inasema sisi ni mawakala tu, ulizeni tawi la kampuni. Tawi linasema madai yanashughulikiwa makao makuu. Makao makuu yanasema wanasubiri ripoti ya mtathmini.

Namba ya kijana nilikuwa nayo, alituachia. Nilikuwa nasita kumpigia, nikihisi ni kama kumfuata hakimu nyumbani. Siku moja nikapiga.

"Shikamoo, dada," alisema, ingawa hatujapishana sana umri. "Ripoti niliwasilisha muda mrefu. Mimi kazi yangu ilikwisha."

Nilimwomba anitumie tarehe aliyowasilisha. Alitafakari, kisha akasema hawezi kunipa ripoti kwa kuwa ni mali ya kampuni iliyomwajiri kwa kazi ile, lakini tarehe si siri. Akanitumia tarehe.

Tarehe tu. Lakini ndiyo iliyogeuza mambo. Niliandika barua pepe kwa kitengo cha madai nikasema: ripoti mliipokea tarehe fulani, naomba kujua nini kinasubiriwa tangu hapo na kipo mezani kwa nani. Jibu lilikuja siku iliyofuata, refu kuliko yote ya nyuma. Hawakutaja tena ripoti. Sasa walisema nyaraka zangu hazijakamilika.

Ninaomba msomaji aelewe uzito wa maneno hayo. Utaratibu wa bima hapa nchini unaitaka kampuni ilipe madai ndani ya siku 45, lakini siku hizo zinaanza kuhesabiwa nyaraka zinapokamilika. Kwa hiyo kampuni ikidai nyaraka moja leo, nyingine baada ya wiki mbili, nyingine mwezi ujao, saa haianzi kamwe, na hakuna aliyevunja chochote. Mateso yote ya kusubiri yanakaa humo. Na nyaraka iliyokuwa inakosekana kwetu ilikuwa nini? Gharama za fundi.

Fundi wa Mikindani anaandika makadirio yake kwenye karatasi ya daftari: bati ngapi, mbao ngapi, misumari kilo ngapi, ufundi shilingi ngapi, jina, namba ya simu. Hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Kampuni inataka profoma, yaani hati rasmi ya makadirio ya bei, yenye muhuri na namba ya mlipakodi. Kwa bati na mbao tulipata profoma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kwa ufundi ilibidi tutafute kampuni ndogo ya ujenzi iliyosajiliwa, ambayo bei yake ilikuwa juu kuliko ya fundi wetu kwa kiasi cha kuonekana. Tukaipeleka hiyo. Inaniuma mpaka leo kwamba makadirio ya mtu mkweli aliyejenga nyumba yenyewe hayakuwa na thamani, na ya aliyekuja kuitazama robo saa yakapokelewa, tena ya juu zaidi. Nani amefaidika hapo? Si kampuni, si sisi, si fundi.

Niliandika tena: naomba orodha kamili ya nyaraka zote mnazohitaji, kwa mara moja, ili nikizileta iwe zimekamilika. Waliileta orodha. Nilipoziwasilisha zote nilitaka karatasi ya kupokea yenye tarehe na muhuri. Kuanzia hapo siku 45 zilikuwa na mwanzo.

Ndugu na marafiki waliniambia wakati wote huo kwamba subira yavuta heri. Walisema kwa mapenzi, nami nimelelewa kwa maneno hayo. Lakini Mama alikuwa analala kwa dada yangu anayeishi Chikongola, Mtwara mjini, mbali na msikiti wake na majirani zake wa miaka yote, na kila Ijumaa alikuwa anauliza kama atarudi kabla ya Ramadhani. Subira ya namna hiyo anaibeba mzee, siyo faili.

Hesabu ya benki

Kuna jambo jingine kwenye ile barua ya kampuni, na hili halikuwa kosa la mtathmini wala la kitengo cha madai.

Nyumba ilikatiwa bima kwa kiasi cha mkopo. Benki ilijaza fomu, na benki inachojali ni deni lake. Lakini masharti ya bima yanatazama thamani ya nyumba nzima. Chukua namba nyepesi: kuijenga nyumba upya ni shilingi milioni 50, imekatiwa bima ya milioni 30. Paa likiondoka na hasara ikawa milioni 10, kampuni haikulipi milioni 10, ingawa ni ndogo kuliko 30. Inasema umeikatia bima sehemu tatu za tano, kwa hiyo hasara nayo tutalipa sehemu tatu za tano: milioni 6. Zile 4 unachukuliwa kuwa umejibebea mwenyewe. Halafu inatolewa na ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima hubaki nayo.

Kanuni hiyo ina haki yake, maana aliyelipa ada ya nusu nyumba asidai nyumba nzima. Lakini sisi hatukuchagua nusu. Hatukuulizwa. Ada ilikatwa kila mwaka, pamoja na VAT yake, na tukaamini nyumba ina bima. Mwenye mkopo wa nyumba anayesoma hapa, nakuomba kesho uende benki yako uulize: bima imeandikwa kwa thamani gani, ya mkopo au ya nyumba? Swali ni fupi na halina malipo.

Saini

Baada ya hapo ikaja hati ya kukubali malipo. Kiasi chini ya matarajio, na chini yake sentensi inayosema kwamba nikisaini nimepokea malipo yote na ya mwisho, na sitadai tena chochote kuhusu hasara ile.

Nilikaa nayo mezani. Mume wangu alisema tusaini, tuezeke, Mama arudi, mengine Mungu atajaza. Hakuwa na makosa. Fedha ile ilitosha kuezeka upande wa sebule kwa bati nyepesi, bila dari. Kaka yangu, kwa simu kutoka Masasi, alisema ukisaini umefunga mlango kwa mkono wako. Naye hakuwa na makosa.

Mama alisema jambo moja tu. "Waulize kwanza yule kijana aliandika nini."

Nikaenda ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo iko hapa hapa Mtwara. Nilielezwa njia kwa utulivu: lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, uwape nafasi ya kujibu, usiporidhika, lete hapa, au nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama sisi, ili mgogoro wa fidia usilazimike kuanzia mahakamani.

Sikusaini. Niliandika barua ya kurasa mbili. Niliweka picha za bati na papi zake, msumari ukiwa umeshika. Nikaweka maelezo ya fundi, kwenye karatasi yake ya daftari, kwa mwandiko wake. Nikaomba mambo mawili: makato ya uchakavu yaelezwe yalipigwaje, bati kwa bati, na nipewe sehemu ya ripoti ya mtathmini inayozungumzia sababu ya hasara. Nakala kwa Mamlaka.

Alichoandika

Walijibu. Kurasa mbili za ripoti zilikuja zimeambatanishwa.

Nilizisoma kwa sauti barazani, Mama akisikiliza, nikitafsiri Kiingereza nikienda.

Kijana aliandika kuhusu papi. Aliandika kwamba bati nyingi ziliruka zikiwa zimeshikamana na papi, kwamba viungo vya papi na kenchi viliachia kwa nguvu ya upepo ulioinua paa kutoka chini, na kwamba ukuta wa pembetatu unaotazama ghuba ulichangia. Kuhusu kutu aliandika mstari mmoja: misumari ya bati kwenye ukingo ina kutu, eneo dogo, apendekeza makato kwa bati hizo tu.

Bati hizo tu. Mtu mwingine, mezani, ambaye hajapata kusimama kwenye sebule ile, aliuchukua mstari huo akautandaza juu ya paa zima.

Mama aliniambia nirudie pale pa papi. Nikarudia. Akasema, "Basi alikuwa mkweli." Na kwa muda mrefu hakusema kingine.

Wiki zote hizo tulikuwa tumemhukumu kijana aliyetutendea haki, kwa sababu haki yenyewe ilifungiwa ndani ya faili tusiloruhusiwa kuona. Mtathmini ana leseni yake na jina lake. Anapanda dari za watu, anapima, anaandika, anasafiri usiku kwenye basi kurudi Dar es Salaam. Kama alichokiandika kinaweza kubadilishwa umbo kimya kimya baada ya yeye kukikabidhi, basi jina lake linatumika kufunika uamuzi usio wake, na mwenye nyumba anabaki na hasira kwa mtu asiyehusika. Ripoti ikifichwa, wanaodhulumiwa ni wawili.

Kampuni ilirekebisha. Makato ya uchakavu yalibaki kwa bati za ukingo peke yake. Ile kanuni ya sehemu tatu za tano ilibaki kama ilivyo, na hilo sikulipinga kwao, maana mzizi wake uko benki. Nilisaini hati ya pili. Fedha ilipitia benki kwanza, kama masharti ya mkopo yanavyotaka, kisha ikatoka kwa awamu tukionyesha kazi inavyokwenda. Fundi aliezeka yeye mwenyewe, yule yule wa karatasi ya daftari, na safari hii kila papi imefungwa kwenye kenchi kwa ukanda wa chuma, siyo msumari peke yake. Dari ya sebule bado.

Mwezi ujao

Mwezi ujao bima inahuishwa. Benki imekubali kwa maandishi kwamba thamani itakayoandikwa ni ya kuijenga nyumba upya, na tumeshaonyeshwa ada itakavyopanda. Tutaipata.

Kwa kampuni nimeandika maombi mawili. La kwanza, kwa kuwa miezi ya upepo wetu inajulikana na mtu yeyote mwenye kalenda, wawe na mtathmini aliye Mtwara au Lindi kuanzia Machi, asisubiriwe kutoka Dar es Salaam siku ambayo pengine barabara ya Kilwa imekatika. La pili, ripoti ya mtathmini inapofika kwao, nakala ifike kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo, kabla mtu yeyote mezani hajapiga hesabu.

Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Nakala nimempelekea na yule kijana, kwa simu, nikimwambia kilichotokea kwenye ripoti yake. Alisoma, akanipigia, akauliza kwanza hali ya Mama. Kisha akasema hakuwahi kujua madai yetu yaliishia wapi. Hakuna anayemrudishia taarifa. Ameniomba ruhusa ya kuionyesha barua hiyo kwa wenzake.

Nimempa.